Uzi: Natengeneza miso ya soya nyumbani Njombe. Hatua zote, na kosa lililonimwagisha kilo nne

#1 Kinu na Mchi (mleta mada)

Wakuu, habari zenu.

Kwenye ule uzi wa togwa niligusia miso, watu wengi wakaniandikia faragha wakitaka maelezo. Nimeona niyaweke hapa wasome wote, na wenye uzoefu wanisahihishe.

Miso ni soya iliyochemshwa, ikapondwa, ikachanganywa na chumvi na koji, kisha ikavundikwa miezi kadhaa mpaka ikawa kitu kizito cha rangi ya udongo, chenye chumvi na ladha nzito kama ya mchuzi wa nyama ingawa nyama haimo. Nasema kuvundikwa kwa makusudi. Kwetu kitu kilichochacha ni cha kumwaga, na miso haitakiwi kuwa chachu. Inaivia gizani polepole kama ndizi za mbege.

Nilijifunza Matsumoto, mkoa wa Nagano, nilipokuwa masomoni Japani. Nagano ndiyo inayoongoza kwa kuzalisha miso nchini kule. Mama mwenye nyumba niliyopanga alitengeneza ya kwake kila Februari, baridi ikiwa kali, kwa sababu wakati huo vijidudu vya kuharibu havina nguvu na miso inaanza kuiva taratibu kabla joto la kiangazi halijafika. Mwaka wa kwanza aliniachia kuponda tu. Mwaka wa pili akanikabidhi mizani. Wajapani wana neno la mtu anayejisifia mambo yake, na maana yake ni "miso ya kwangu", kwa kuwa kila nyumba inaamini ya kwake ndiyo tamu. Nami naomba mniwie radhi, ya kwangu ni tamu.

Nianze na koji, maana kazi iko hapo. Koji ni mchele ulioota kuvu iitwayo Aspergillus oryzae. Fikirieni kimea cha ulezi tunachotia kwenye uji ukawa togwa. Kimea kina vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari, ndiyo maana uji mzito unalegea na kuwa mtamu. Koji inafanya kazi hiyohiyo, ila inakata na protini pia. Protini ya soya ikikatwakatwa inatoa asidi za amino, mojawapo glutamati, ambayo Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908 kwenye mwani kuwa ndiyo chanzo cha ile ladha wanayoiita umami. Mwaka 2006 chama chao cha utengenezaji pombe kiliitangaza kuvu hii kuwa kuvu ya taifa. Ukiishi kule unaelewa kwa nini: miso, sosi ya soya, sake (pombe ya mchele), siki ya mchele, vyote vinatoka mikononi mwake.

Mchele kilo 1. Uoshe mpaka maji yatoke safi, uroweke usiku kucha, kisha uchuje kwenye chekeche saa nzima au mbili. Usiupike kama wali. Upike kwa mvuke, dakika 45 hadi 60, ukiwa kwenye kitambaa cha marikani juu ya sufuria yenye matundu. Punje itoke imara, ukiibinya ibonyee kama mpira bila kunata vidoleni. Wali wenye majimaji nje ni karamu ya bakteria, kuvu haipati nafasi.

Utandaze kwenye ungo safi, upoe mpaka nyuzijoto 35 hivi, ndipo unyunyize mbegu ya koji. Mbegu ni unga wa rangi ya kijani iliyofifia, huuzwa kwa pakiti ndogo, na kipimo kimeandikwa juu. Mimi huletewa na rafiki anayekwenda na kurudi. Changanya kwa mikono iliyooshwa vizuri, funga kwenye marikani, weka ndani ya deli la barafu, na pembeni chupa mbili za maji ya moto. Joto libaki karibu nyuzi 30. Njombe usiku wa Juni maji ya chupa yanapoa upesi, kwa hiyo huwa naamka mara mbili kuyabadilisha.

Baada ya saa 18 hadi 20 mambo yanageuka. Kuvu ikishika inatoa joto lake yenyewe, na sasa kazi yako ni kulipunguza. Toa chupa, fungua deli kidogo, vuruga mchele, utandaze uwe mwembamba. Ukipita nyuzi 40 inaanza kuungua, na harufu inabadilika. Nilikaa macho usiku ule wa kwanza na kipimajoto mkononi, na kulipopambazuka nikafunua kitambaa nikakuta punje zimevaa pamba nyeupe na kushikana kama keki. Harufu yake ni tamu, kama uyoga mpya uliowekwa karibu na viazi vitamu vilivyochemshwa. Sijui chakula kingine chenye harufu ile. Baada ya saa 45 hivi koji iko tayari.

Soya sasa. Kilo 1 kavu, chambua, osha, roweka saa 18. Inavimba mpaka zaidi ya mara mbili ya uzito wake. Chemsha saa 3 hadi 4, ukiengua povu, kwa sababu soya inafura na kumwagikia jiko. Imeiva pale punje inapopondeka ukiibana kati ya kidole gumba na kidole cha mwisho. Kwenye presha kuka dakika 25 zinatosha, lakini usijaze zaidi ya theluthi moja, maganda yanaziba tundu la mvuke, na hiyo ni hatari kweli. Hifadhi kikombe cha maji uliyochemshia.

Ponda kwenye kinu ingali na uvuguvugu. Koji yako, kilo 1 na ushee, ichanganye pembeni na chumvi gramu 450, kisha uiunganishe na soya ikishapoa chini ya nyuzi 40. Ikiwa kavu ongeza yale maji kidogokidogo mpaka ushikike kama ugali. Finyanga matonge na uyatupe kwa nguvu ndani ya ndoo, moja baada ya jingine, ili hewa isibaki katikati. Shindilia, sawazisha, nyunyiza chumvi juu, funika kwa nailoni ya chakula iguse miso yenyewe, weka uzito juu, andika tarehe. Uzito wangu ni pakiti ya chumvi ya kilo 1: inalala vizuri kuliko jiwe, na ikipasuka haiharibu kitu.

Sasa lile kosa. Mara ya kwanza niliporudi nyumbani nilitia chumvi kwa kukadiria, kwa kuwa nilikumbuka miso nyeupe ya Kyoto isivyo na chumvi kali. Miezi miwili baadaye nikafungua, harufu ikanipiga puani kama siki iliyooza. Nilipopiga hesabu nikakuta chumvi ilikuwa kama asilimia 6 ya uzito wote. Miso ya namna ile ipo, lakini huliwa ndani ya wiki chache na hukaa kwenye baridi. Nilimwaga kilo nne. Soya za shemeji yangu, kazi ya siku tatu. Tangu siku hiyo kila kitu kinapita kwenye mizani, na sishuki chini ya asilimia 12.

Maswali karibuni.

#2 Kijana Sinza

Mkuu, uzi umeshiba. Swali langu: hiyo mbegu nikiikosa, siwezi kuuacha wali uote ukungu wenyewe? Huku Dar wali ukilala siku mbili tu unaota.

#3 Kinu na Mchi

Kijana Sinza, hapana mdogo wangu. Kama kuna sentensi moja ya uzi huu ningependa ubaki nayo, ni hii: kuvu ya koji inunuliwe, isikamatwe hewani.

Kuvu ya koji ina ndugu yake wa damu, Aspergillus flavus, ndiye anayetoa sumukuvu kwenye mahindi na karanga zetu. Wanafanana kiasi kwamba hata wataalamu hawawatofautishi kwa macho tu. Ile ya koji imefugwa na binadamu kwa karne nyingi na haitoi sumu hiyo. Yule wa porini anaitoa, na sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha. Haina harufu wala ladha ya kukuonya.

Kwa sababu hiyohiyo, koji yako ikitoka na mabaka meusi, ya waridi au ya kijani, mwaga yote. Kweli koji halisi ikicheleweshwa nayo hutoa mbegu za kijani na njano, lakini mtu anayeanza hawezi kujua ni ipi. Mchele kilo moja si kitu cha kulilia.

#4 Mwalimu wa Machakos

Naunga mkono kwa nguvu. Mwaka 2004 huku kwetu watu walikula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Wagonjwa 317 waliorekodiwa, na 125 wakafariki kwa kuharibika ini. Nilikuwa nafundisha wakati huo. Kuna madawati yaliyobaki wazi muhula ule, na kila nikisikia mtu akisema "ukungu kidogo haudhuru", nayaona tena. Na Tanzania nanyi mlipata msiba kama huo Dodoma na Manyara mwaka 2016. Vijana, mnunue mbegu.

#5 Kijana Sinza

Poleni sana mwalimu. Nimeelewa. Nitanunua.

#6 Msafiri Daegu

Nawasalimu kutoka Korea. Nina neno tofauti kidogo na mleta mada, bila ubaya.

Huku wanatengeneza doenjang, ambayo ni binamu wa miso, na kwa desturi hawanunui mbegu yoyote. Wanachemsha soya, wanaponda, wanafinyanga matofali yanayoitwa meju, wanayafunga kwa mabua ya mpunga na kuyaning'iniza wiki kadhaa. Vijidudu vinatoka kwenye mabua na hewani, hasa bakteria Bacillus subtilis. Mwanzoni mwa mwaka wao wa mwandamo, wengi wakichagua siku inayoitwa ya farasi kwenye kalenda yao ya jadi, matofali yanaoshwa, yanakaushwa na kuzamishwa kwenye maji ya chumvi ndani ya mitungi ya udongo. Chumvi wanaipima kwa yai: likielea na kuonyesha juu ya maji duara la ukubwa wa sarafu, imetosha. Wanatia makaa, pilipili kavu na tende za Kichina. Baada ya siku 40 hadi 60 wanatenganisha: maji yanakuwa sosi ya soya, matofali yanapondwa na kuwa doenjang. Yaani kwa kazi moja unapata vitu viwili. Desemba 2024 UNESCO iliingiza ujuzi huo kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Kwa hiyo kukamata hewani kunawezekana. Nimeona kwa macho yangu, kwenye baraza la bibi wa mwenzangu wa maabara, mitungi kumi na mmoja imepangwa juani kama wanafunzi mstarini.

#7 Kinu na Mchi

Msafiri, asante sana, na sikupingi. Doenjang nimeila, ina harufu kali na uzito ambao miso yangu haina. Lakini angalia kilichomzunguka yule bibi. Kazi inaanza mwisho wa vuli, hewa ni kavu na baridi, mabua ni ya shamba analolijua, na tofali lenye rangi mbaya analitambua kwa sababu mama yake alimwonyesha, na mama wa mama yake pia. Mimi hapa sina hata kimoja. Mabua yangu yamelala karibu na gunia la mahindi. Siku mtu wa kwetu atakapokaa misimu kadhaa na bibi kama huyo, na sampuli zake zikapimwa maabara, nitakuwa wa kwanza kumfuata.

Jambo lingine kwa wanaotengeneza koji: hiyo Bacillus ikiingia kwenye mchele wako inautawala, unanata na kunuka. Viwanda vya sake vinawakataza wafanyakazi kula natto, soya inayovundikwa kwa bakteria hiyohiyo, kwa sababu hiyo. Mabua na koji visikae chumba kimoja.

#8 Mkulima wa Namtumbo

Nalima soya, heka mbili, nyingi zinakwenda kwenye chakula cha kuku. Sikujua kama mtu anaweza kukaa na kilo moja mwaka mzima hivi. Naomba kujua unapendelea soya gani? Na kwa nini zangu nyingine zikichemshwa hata saa sita hazilainiki?

#9 Kinu na Mchi

Kaka, wewe ndiye tuliyekuwa tunakungoja. Ninazotumia zinatoka upande wenu wa Ruvuma. Nataka punje kubwa, za rangi ya krimu, na kitovu cheupe au cha kahawia hafifu. Zenye kitovu cheusi zinafaa pia, ila miso inatoka na vidoti.

Zisizolainika mara nyingi ni za zamani au zimekaa ghalani penye joto na unyevu. Ganda linakuwa gumu, maji hayaingii. Baada ya kuroweka, zitandaze na uzitazame: zile zilizobaki mviringo kama kokoto hazijanywa maji, ziondoe. Soya iliyokunywa inarefuka kama punje ya haragwe. Nunueni za msimu huu.

#10 Binti Kisauni

Assalaam aleikum jamani. Nimesoma kwa raha. Nina matatu. Mombasa joto ni nyuzi 30 miezi mingi, je, miso haitaharibika? La pili, soya hapa si rahisi, naweza kutumia dengu? La tatu ndilo kubwa: nimesikia miso ina kilevi. Kwetu hilo si jambo dogo.

#11 Kinu na Mchi

Waaleikum salaam dada.

Joto: haitaharibika kama chumvi imetosha, itaharakisha. Viwandani Japani wanaiweka kwenye vyumba vya nyuzi 30 hivi ili iive ndani ya miezi michache. Yangu hapa Njombe inachukua mwaka, yako anza kuionja mwezi wa nne. Itakuwa nyeusi zaidi. Okazaki, mkoa wa Aichi, kiangazi chao ni fukuto tupu, na hapo ndipo inapotoka Hatcho miso, ya soya peke yake bila mchele. Wanaivundika kwenye mapipa ya mbao ya kubeba tani 6, juu wanapanga mawe ya mto yenye uzito wa tani 3 kwa umbo la piramidi, na inakaa zaidi ya miaka miwili. Inatoka karibu nyeusi. Tia chumvi asilimia 13, weka ndoo sakafuni penye kivuli, si juu ya kabati.

Dengu: tuelewane kwanza, maana Kenya "ndengu" ni zile za kijani ambazo sisi huku tunaziita choroko. Kama unasema dengu kubwa za njano, zinafaa kabisa. Zina wanga zaidi na protini kidogo kuliko soya, kwa hiyo miso inatoka tamu na inaiva mapema. Vipimo ni vilevile.

Kilevi: nitakueleza ninachojua bila kuficha. Katika kuiva, hamira za asili zinaingia na kutengeneza alkoholi kidogo, haileweshi, lakini ipo. Na miso nyingi za dukani huongezewa alkoholi makusudi kabla ya kufungwa ili isiendelee kuvimba ndani ya pakiti. Ya nyumbani hiyo ya kuongezwa haina. Wapo pia wanaofuta ndoo kwa pombe kali. Mimi nafuta kwa maji yanayochemka. Hukumu yake si yangu, muulize shehe wako na umweleze hivi nilivyokueleza.

#12 Binti Kisauni

Jazakallah kheri kwa kusema wazi. Nitamuuliza kwanza, ndipo ninunue ndoo.

#13 Muuguzi wa Zamani

Wanangu, chumvi hiyo mnaiona? Nimehudumu wodini miaka mingi, presha inaua watu kimyakimya.

#14 Kinu na Mchi

Shikamoo mama. Ni kweli kabisa. Kijiko kimoja cha chakula cha miso kina chumvi kama gramu 2, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 5 kwa siku. Kwa hiyo miso iingie mahali pa chumvi, isiongezwe juu yake. Nikitia miso kwenye mchicha, kopo la chumvi silishiki kabisa. Mwenye presha amuulize daktari wake kabla ya kuanza.

#15 Fundi Makambako

Chumvi yenye madini joto inafaa? Kuna video moja ilisema inaua vijidudu.

#16 Kinu na Mchi

Nimetumia ya madini joto na nimetumia ya Uvinza niliyoitwanga mwenyewe, sikuona tofauti. Tumia uliyonayo, pima kwa gramu. Vijiko vinadanganya, maana chumvi ya mawe na ya unga hazijazi kijiko sawasawa.

#17 Kijana Sinza (miezi mitano baadaye)

Mkuu, nimerudi. Niliweka ya kilo 1 ya soya mwezi wa pili, mizani niliazima kwa muuza nyama. Leo nimefunua: juu kuna utando mweupe umekunjamana, na pembezoni kuna maji ya kahawia yamepanda. Kona moja kuna doa la kijani ukubwa wa sarafu. Nimwage?

#18 Kinu na Mchi

Hongera kwa kusubiri. Utando mweupe uliokunjamana ni hamira tu, hauna sumu, ila unaharibu harufu, ukwangue. Maji ya kahawia ndiyo dhahabu yenyewe, Wajapani wanayaita tamari. Chota kijiko uonje, mengine yavurugie ndani.

Niliposema mwaga yote, nilisema koji; hili ni doa la juu ya miso yenye chumvi. Limeota mahali palipopata hewa, bila shaka nailoni ilinyanyuka. Kata eneo lote linalozunguka doa, kina cha vidole viwili, utupe. Futa kuta za ndoo kwa kitambaa chenye maji ya chumvi kali, geuza miso ya chini ije juu, shindilia upya, nailoni mpya, chumvi pembezoni. Ikiwa chini ni kahawia, inanukia vizuri, haina uteleziutelezi, endelea nayo. Ukikuta rangi imeingia mpaka ndani, au harufu ya kuoza, usinihurumie, mwaga.

#19 Kijana Sinza

Ndani ni kahawia safi kama siagi ya karanga. Doa lilikuwa juu tu, nimekata zaidi ya ulivyosema. Ile tamari nimeilamba nikasimama kimya jikoni, mama akaniuliza kuna nini.

#20 Msafiri Daegu

Picha, Kijana Sinza!

#21 Kijana Sinza (wiki tatu baadaye)

Picha niliweka, zimegoma kupanda. Nieleze tu.

Nilichoma bilinganya mbili kwenye mkaa mpaka ngozi ikaungua, nikazipasua katikati, nikapaka miso niliyoichanganya na asali kidogo na ndimu, nikazirudisha motoni dakika mbili mpaka ikaanza kububujika. Mama hali bilinganya tangu nimjue. Alikula nusu, akanyamaza, akavuta sahani yangu. Leo asubuhi nimemkuta anaroweka soya kilo mbili, na anauliza mizani ya muuza nyama inarudi lini.